Nungunungu na Mapapai ya Watoto

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama mmefunga tumbo? Itikieni vizuri, maana ngano yenyewe ni ya tumbo.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na desturi moja: mtu mzima hali tunda. Mtu mzima anakula mizizi, anakula magome, anatafuna mpaka taya zimuume. Matunda ni ya ndege na watoto. Basi mapapai yakaiva, yakaanguka, pu! pu! yakaozea chini.

Palikuwa na Mama Nungunungu. Alikuwa na wanawe wawili na shimo moja bondeni, na kila masika bonde lile hufurika. Akasema moyoni, nichimbe shimo jipya kule juu, la sivyo wanangu watakufa maji. Akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Akiinama, tumbo linamkata. Limekuwa gumu, choo hapati. Kwaru, kwaru, akakaa chini. Siku zikapita, shimo halitoshi hata kichwa cha mtoto. Mawingu yakaanza kujikusanya, na mama wa watu akaogopa.

Lakini mama huyu alikuwa mdadisi, hapiti jambo bila kuliuliza. Akamtazama Bibi Tumbili, mzee wa meno mawili. Anaruka tawi hili, anaruka tawi lile. Kila alfajiri anakwenda kichakani, anarudi anapiga mluzi. Kwani huyu ana nini? Akamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejikunja?"

"Tumbo, bibi. Lako halifungi?"

"Lifungwe na nani?"

"Unalilisha nini?"

Bibi Tumbili akatazama huku, akatazama kule. "Papai. Kipande kila asubuhi, na maji. Usimwambie mtu."

"Papai la watoto?"

"Na hao watoto wanaolila, umewaona wakishika tumbo?"

Mama Nungunungu akafikiri. Hakuwahi kuwaona.

Akaenda mpapaini. Akala moja, akala la pili, akala mpaka akalala chali. Loo! Tumbo lililofungwa likafunguka lote. Mbio kichakani, rudi, mbio tena. Fisi alikuwa akipita, akacheka hi hi hi. "Umekula chakula cha watoto, umepata ya watoto!"

Akarudi kwa Bibi Tumbili amelegea. "Bibi, umeniua."

"Nilisema kipande, wewe umekula mti. Nilisema kila asubuhi, wewe umetaka asubuhi zote kwa siku moja. Haba na haba, mwanangu."

Basi, asubuhi kipande na maji. Asubuhi kipande na maji. Mwanzoni hakuona kitu, akataka kuacha. Kisha tumbo likalainika. Akainama, halikumkata. Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo ukaruka. Radi ikapiga, naye yumo tu, kwaru! Akawasukuma wanawe ndani, mvua ikashuka, bonde likajaa pomoni. Watoto wakalala wakavu. Mama Nungunungu akalia kwa furaha.

Mbegu alizotema mlangoni zikaota, zikawa mipapai, ikazaa. Asubuhi moja akasikia hodi. Ni Fisi, amejikunja, ameshika tumbo.

"Naomba kipande cha papai, mama. Nimetumwa na mtoto."

"Mtoto gani, Bwana Fisi? Wewe huna mtoto."

Mama Nungunungu hakumcheka, akamkatia kipande kimoja.

"Haya, mpelekee. Na umwambie kesho aje mwenyewe."

Basi, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili: tunda ni chakula cha kila mtu, nalo humfaa anayelila kidogo kidogo kila siku, si anayelikimbilia siku ya kuumwa. Hadithi yangu imeishia hapo. Na kama kuna mkubwa hapa aliyetumwa na mtoto, mapapai yako nyuma ya nyumba.