Shahidi wa Pointi Arobaini na Tatu

Sogeeni, na anayependa ubishi akae mbele kabisa, maana hii ni ya kwake. Humu hamna mfalme wala zimwi. Kuna ukuta, kuna nafasi ya jina moja, na kuna watu watatu ambao kila mmoja anaapa nafasi hiyo ni yake.

Katika Chuo cha Ualimu Mwanhembe, huko Usukumani, mpira wa kikapu umewaingia watu kwenye damu. Mkabala na uwanja pana kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe anaitwa Fumbuka. Huyu alijaliwa mdomo. Angekunyoa upande mmoja, kisha asimame na mashine mkononi akubishie ni nani aliyekosa mitupo huru sita mfululizo, na mwaka gani, nawe ukae na nusu kichwa mpaka ukubali. Lakini hata waliomchoka walimheshimu kwa jambo moja: akishindwa, husema nimeshindwa, mbele ya watu, na kazi inaendelea.

Wabishi wenzake wakubwa walikuwa wawili. Mama Milembe, muuza chapati wa pale uwanjani, alijaliwa kumbukumbu, ila kumbukumbu yake ilipitia jikoni. Ukimuuliza mechi ya zamani hufumba macho, akatafuta kwanza siku hiyo alipika nini. Akishakipata chakula, mechi nzima inakuja nyuma yake, pamoja na nani alikuwa na mafua.

Mwalimu Shigela wa hisabati yeye alijaliwa mkono. Kwa miaka ishirini na mbili amekaa meza ya waandika pointi, kipindi cha kwanza kwa kalamu ya bluu, cha pili kwa nyekundu, na karatasi zote anazo kwenye sanduku la bati nyumbani kwake. Ukimuuliza nani alicheza vizuri hana habari. Anasema yeye huandika namba za jezi, sura za watu hazimhusu.

Sasa chuo kinatimiza miaka hamsini. Jumatatu wageni wanakuja, na ukuta wa uwanjani unaandikwa rekodi upya. Pale Mwanhembe kuna desturi ya tangu enzi ambazo chuo hakikuwa hata na kabati la kuwekea karatasi: rekodi haiandikwi ukutani mpaka mtu asimame kuitetea, na jina lake linaandikwa chini ya rekodi hiyo, mstari mmoja tu. *Shahidi, fulani bin fulani.* Mchezaji anapata sifa ya kufunga, na shahidi anapata sifa ya kujua. Kwa mashabiki wa Mwanhembe, hiyo ya pili si ndogo hata kidogo.

Rekodi kubwa kuliko zote ilijulikana na kila mtu. Pointi nyingi zaidi katika mechi moja: thelathini na nane, jezi namba kumi na moja, Nyanzobe, dhidi ya wasichana wa Chuo cha Lunele, miaka kumi na minane iliyopita. Na Nyanzobe ni nani? Dada yake Fumbuka, tumbo moja. Shahidi alikuwa awe Fumbuka mwenyewe. Majina mawili ya nyumba moja kwenye ukuta mmoja! Wiki nzima mtu alikuwa hapiti pale kibandani bila kusimuliwa, na wengine wakaanza kupitia njia ya nyuma.

Jumamosi mchana, fundi rangi akiwa ameshapanda ngazi, Mama Milembe alikuja kibandani na beseni lake, akasikiliza kidogo, akafumba macho.

"Siku ya Lunele sikupika chapati," akasema. "Unga ulikuwa umeadimika, niliuza viazi vitamu. Na ndoo yangu ya kuoshea viazi ndiyo aliyotia mguu Nyanzobe, alipoteguka karibu na mapumziko. Kipindi cha pili chote alikaa pembeni yangu, kajitanda khanga yangu. Pointi zenu mimi huwa sihesabu, ndiyo maana sikuwahi kusema."

Fumbuka akacheka, akamwambia, mama, leo jua limekupiga. Kama Nyanzobe alikaa, hizo pointi za kipindi cha pili zilifungwa na ndoo? Mama Milembe akamjibu kwamba khanga alijitanda kwa sababu jezi hakuwa nayo. Timu ilikuwa na jezi kumi tu, hamna ya akiba. Ya mchezaji mwenzake, Holo, namba saba, ilikuwa imechanika kutoka begani mpaka kwapani pale binti wa Lunele aliponing'inia. Basi Nyanzobe akavua yake akampa Holo, mwamuzi akaona huruma akaruhusu, na Holo akaingia kipindi cha pili akiwa namba kumi na moja.

Kibanda kikachemka. Fumbuka alibisha kama hajawahi kubisha maishani. Alisema hiyo ilikuwa mechi nyingine, akasema khanga nyingine, nusura aseme viazi vingine. Mama Milembe hakubadilisha neno. Mpaka wakamkumbuka mwenye sanduku.

Mwalimu Shigela aliitwa akaja na karatasi yenyewe, akaiweka juu ya kiti cha kunyolea kama mtu anayelaza mtoto. Namba kumi na moja, bluu: kumi na mbili. Namba kumi na moja, nyekundu: ishirini na sita. Jumla thelathini na nane, ndiyo hizo zinazoimbwa. Kisha kidole kikapanda juu kidogo. Namba saba, bluu: kumi na saba. Namba saba, nyekundu: hakuna hata moja.

Watu wakaanza kujumlisha kwa vidole. Mwalimu akawasaidia, maana hapendi kuona watu wakiteseka na hesabu. Kama Holo alivaa namba saba kwanza na namba kumi na moja baadaye, basi Holo alifunga kumi na saba na ishirini na sita. Arobaini na tatu. Nyanzobe alifunga kumi na mbili. Holo mwenyewe, ambaye sasa ni mwalimu mkuu huko Kahama, hajawahi kudai kitu, kwa sababu pointi zake zilikaa kwenye mistari miwili na hakuna aliyewahi kuzijumlisha.

Wakaenda kwa Mkuu wa Chuo, Madamu Severa, kundi zima, na fundi rangi akashuka ngazi akawafuata. Madamu aliwasikiliza, kisha akawaambia wazi kwamba bado hajatosheka. Kumbukumbu inaweza kuchanganya siku, na karatasi haikuandika sura. Anayejua jezi ile ilikuwa mwilini mwa nani ni aliyeivua.

Nyanzobe anafundisha Songea, na mwenye namba yake ya simu pale alikuwa mmoja tu.

Fumbuka akatoka nje kupiga simu, peke yake, akasimama nyuma ya matangi ya maji. Dada yake alipoulizwa alicheka mpaka akakohoa. Akasema ndiyo, mguu ulikuwa kwenye ndoo ya viazi, jezi alimpa Holo. Mwanzoni aliwaambia watu, wakadhani anajishusha, wakazidi kumsifu. Baadaye akahamishwa, akaacha. Kisha akasema, "Mdogo wangu, ukuta ni wenu huko. Sema utakavyoona."

Simu ikakatika, na Fumbuka akabaki pale. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Hakuna aliyesikia isipokuwa yeye. Angerudi ndani aseme dada kasema ni yangu, na habari ingeishia hapo. Mama yao angekuja Jumatatu na kitenge kipya, angelisoma jina la binti yake ukutani, na la mwanawe chini yake. Alisimama mpaka walio ndani wakaanza kuchungulia dirishani.

Akarudi. "Nimeshindwa," akasema. "Ni Holo. Dada yangu alifunga kumi na mbili."

Walivyoshangilia, ungedhani Lunele wamefungwa upya. Mama Milembe alimkumbatia na unga wake wote. Madamu Severa akampigia Holo, na Holo upande wa pili akawa anarudia tu, arobaini na tatu, arobaini na tatu. Alipoulizwa nani aandikwe shahidi, akajibu kwamba yeye siku ile alikuwa anafunga, hakuwa anatazama, na wenyewe waamue.

Fundi rangi akapanda, akaandika jina la Holo na pointi zake. Akafika kwenye mstari wa chini, akageuka na brashi yake. Niandike nani?

Hapo ndipo furaha ilipogeuka ubishi. Mama Milembe akasema hilo halihitaji kikao. Kabla hajafungua mdomo hakukuwa na swali, wote walikuwa wanalala usingizi na thelathini na nane yao. Miaka yote hiyo amewalisha pale uwanjani, na jina lake halipo hata kwenye mti. Mwalimu Shigela akasema kwa upole kwamba viazi vitamu havina pointi. Bila kalamu mbili na sanduku la bati, wangekuwa na hadithi ya khanga, basi, na arobaini na tatu isingejulikana mpaka kiama.

Fumbuka alikuwa wa mwisho, na kwa mara ya kwanza alisema taratibu. "Ninyi mmetoa mlichokuwa nacho, na bado mnacho. Mimi nimetoa cha nyumbani kwetu. Na mkinipa huo mstari, msiniandike mimi. Andikeni Nyanzobe. Jezi ni yeye aliyeivua, na ukweli ni yeye aliyeusema."

Mama Milembe akafuta macho kwa khanga, lakini hakurudi nyuma. Akasema yeye anampenda Nyanzobe kama mwanawe, ila aliyenyamaza miaka kumi na minane anakuwaje shahidi? Mwalimu naye akasema kama ni kumpa mtu kwa kusema kweli, basi mwandikeni kinyozi, kwani yeye ndiye angeweza kudanganya. Uwanja mzima ukagawanyika, wengine huku, wengine kule, wanacheka na kugombana kwa pamoja, na Madamu Severa akakiri kwamba yeye amesomea ualimu, hakusomea hili.

Mstari ni mmoja, na rangi inakauka kwenye kopo. Aliyekumbuka, aliyeandika, aliyesema kweli iliyomuuma, au yule aliyevua jezi? Haya, fundi rangi anakutazama wewe. Ungemwambia aandike nani?