Bi Kwale na Pishi za Hitima

Paukwa.
Pakawa.
Mwenye usingizi?
Alale.
Mwenye masikio?
Asogee karibu.

Basi sogeeni. Nitasema polepole, maana hadithi hii haina haraka.

Hapo kale, ndege na wanyama walipokuwa wakilima pamoja na kuzikana, aliishi Panya Buku. Alikuwa na shimo refu na kavu. Mvua haikuingia, moto haukuingia, mwizi hakuingia. Watu wa nchi ile wakaona ni heri nafaka yao ikae kwake kuliko kukaa darini. Wakampelekea mtama, wakampelekea wimbi, wakampelekea uwele. Mapatano yalikuwa mepesi: kila masika ikipita, Buku achukue kibaba kimoja cha ahsante. Vibaba vinne ndiyo pishi moja, kwa hiyo kibaba ni kitu kidogo. Hakuna aliyenung'unika.

Bwana Kwale na mkewe waliweka huko mtama wao. Kila mwaka Buku alichukua kibaba chake, nao wakajazia. Zikawa pishi kumi kamili. Bwana Kwale alipoanza kuugua alimwita mkewe, akamwambia, "Mtama ule usiguswe. Siku yangu ikifika, walishe watu, waniombee."

Siku yake ikafika. Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Bi Kwale akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nyumbani, kama inavyompasa mjane. Arobaini ilisomwa naye yumo ndani. Nafaka ya ghala la Buku haitolewi mpaka mwenyewe afike, naye mwenyewe hakuweza kufika. Watu wakasoma, wakaitikia amina, wakanywa maji, wakaenda zao. Hawakusema neno. Aliyefiwa hasemwi. Lakini chungu kilikuwa baridi siku ile, na baridi ile ilimkaa mjane kifuani.

Eda ilipokwisha, akaoga, akabadili nguo. Akapeleka salamu kwa majirani wote: Ijumaa baada ya sala tumsomee marehemu hitima, na safari hii mtakula. Kisha siku ya Jumanne akachukua kikapu chake, akaenda ghalani.

Mlangoni aliketi Nguchiro, karani wa Buku. Nguchiro akampa pole ya msiba, akaingia ndani, akakaa, akatoka na pishi nne.

Bi Kwale akatazama kikapu. Akangoja. Akamuuliza zilizobaki ziko wapi.

Nguchiro akasema hakuna zilizobaki, ndizo hizo. Bi Kwale akamtazama vile vile. Nguchiro alizoea kumwita mama mdogo, maana walikuwa majirani tangu zamani.

"Mama mdogo," akasema, "ghala lina taratibu zake, na taratibu hazina shemeji. Njoo kesho."

Bi Kwale hakugusa kikapu. Alisimama mbele ya shimo, akaimba:

Buku, Buku wa shimoni,
nirudishie pishi zangu,
ni za mtu yu kaburini.

Shimo likanyamaza. Akarudi nyumbani.

Jumatano akaja tena. Nguchiro alikuwa akitafuna kitu. Bi Kwale akamwomba amtajie moja moja, nini kimekatwa na kwa nini. Nguchiro akataja kwa vidole. Pishi mbili ni za kulinda. Pishi mbili ni za kugeuza mtama usiliwe na fukusi. Pishi mbili ni za kimya.

"Kimya gani?"

"Kimya chako. Msimu mzima hujaja kuweka, hujaja kutoa. Nafaka isiyotembelewa inatusumbua."

Bi Kwale akasema mapatano yalikuwa kibaba. Nguchiro akasema mapatano yalibadilika wakati wa kiangazi, na Buku alitangaza hapa mlangoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mwenye kupinga angepinga. Anayenyamaza amekubali.

"Nilikuwa edani."

"Ghala halijui eda, mama mdogo. Lakini usiondoke na huzuni. Chukua kibaba kimoja juu ya zile nne, kwa hisani yetu, na maneno yaishe."

"Sikuja kuomba, Nguchiro. Nimekuja kuchukua."

Akakiacha kibaba pale pale. Akasimama mbele ya shimo, akaimba:

Buku, Buku wa shimoni,
nirudishie pishi zangu,
ni za mtu yu kaburini.

Shimo likanyamaza. Akarudi nyumbani. Njiani alikutana na majirani, wakamuuliza kama walete kuni leo au kesho. Akawaambia kesho. Wakamuuliza kama walete sufuria kubwa au ndogo. Akawaambia kubwa. Nyumbani akakaa peke yake, akasali, akawaza.

Alhamisi akaja mara ya tatu. Siku hiyo watu walikuwa wengi mlangoni, wamekuja na mavuno mapya. Kanga yuko, Chozi yule ndege mdogo yuko, Jongoo yuko na mzigo wake. Na Mwalimu Korongo alikuwepo, mrefu, mweupe, amekuja kuweka zaka ya msikiti. Mwalimu Korongo ndiye aliyewazika wafu wote wa nchi ile.

Bi Kwale hakumsemesha Nguchiro. Alisimama mbele ya shimo, akaimba:

Buku, Buku wa shimoni,
nirudishie pishi zangu,
ni za mtu yu kaburini.

Mbele ya watu, Buku hakuweza kunyamaza. Akatoka. Mashavu yake yalikuwa yamejaa mtama mpaka yameangukia mabegani. Ikabidi wangoje ateme kwanza. Chozi akasema kwa sauti ndogo kwamba leo tumemkuta tajiri mezani. Watu wakacheka kidogo.

Buku akampa mjane pole. Akasema anamheshimu sana. Akasema neno lake ni fupi: pishi zile sita hazikuchukuliwa kwa mjane, zilichukuliwa kwa marehemu. Miaka yote alimlindia na kumgeuzia, akamvumilia tu. Ada iliyotangazwa kiangazi ilihesabiwa tangu siku ya kwanza.

"Kwa hiyo ulikuwa ukimdai mume wangu," akasema Bi Kwale.

"Nilikuwa nikimdai."

"Deni la zamani."

"La zamani, shemeji."

Bi Kwale akageuka. Akasema, "Mwalimu, siku ya mazishi mimi sikuwepo makaburini. Naomba uniambie: kabla ya kumrudishia mume wangu udongo, uliuliza nini?"

Mwalimu Korongo akajibu kwamba aliuliza lile linaloulizwa kwa kila maiti: anayemdai marehemu ajitokeze sasa, awaambie warithi, au amsamehe. Aliuliza mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nani alijitokeza?"

Jongoo akainua kichwa. Alijitokeza yeye, alikuwa akimdai Bwana Kwale jembe bovu, na ndugu za marehemu walimlipa siku ile ile. Akaongeza kwamba jembe lenyewe halikuwa na thamani, ila deni ni deni.

"Mwingine?"

Hakuna mwingine.

"Na Buku alikuwepo?"

Hapo watu wote wakamtazama Buku. Maana kila mmoja alijua kwamba kaburi la Bwana Kwale alilichimba Buku mwenyewe, tena vizuri. Swali lilipoulizwa, alikuwa amesimama ndani ya kaburi.

Mwalimu Korongo akasema, "Buku, kwa sheria ya ghala lako, anayenyamaza amekubali. Nilikuuliza mara tatu, ukanyamaza. Basi ulimsamehe."

Buku akashtuka. Akasema, "Sikusamehe, Mwalimu. Ningesemaje? Nilikuwa nimebeba udongo mashavuni."

"Nami nilikuwa edani," akasema Bi Kwale.

Kisha Kanga akaanza kucheka, Chozi akafuata, Jongoo akajikunja kwa kicheko. Mwalimu Korongo peke yake hakucheka. Aliinamisha shingo yake ndefu mpaka karibu na uso wa Buku.

"Chagua mwenyewe," akasema. "Kama kimya ni kukubali, deni ulilisamehe kaburini. Kama kimya kina udhuru, na cha mjane kina udhuru mkubwa kuliko chako. Wewe ulizibwa na udongo, yeye alizuiwa na Mola wake."

Buku akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu walioleta mavuno walikuwa wamekwisha kuinua mizigo yao. Akamwambia Nguchiro akatoe pishi sita juu ya zile nne. Nguchiro akatoa. Bi Kwale akazipima moja moja, akaondoa kibaba kimoja cha masika iliyopita, akakirudisha.

"Hicho ni chako," akasema. "Ndiyo mapatano."

Kisha Kanga akasogea mlangoni, akasema naye angependa kuangalia wimbi lake. Na nyuma ya Kanga mstari ulikuwa mrefu.

Ijumaa hitima ikasomwa. Chungu kilichemka. Bi Kwale alipakua kwa mkono wake, na sahani ya kwanza alimpelekea Panya Buku, kwa kuwa ndiye aliyechimba kaburi. Buku akala ameinamisha kichwa. Watu wakanyanyua mikono, wakamwombea marehemu, wameshiba. Mwenyezi Mungu aliipokea dua au hakuipokea, Yeye ndiye ajuaye. Mjane alilala usingizi siku ile.

Tangu hapo kwale hulia kila alfajiri, kwa sauti kubwa, asije mtu akasema alinyamaza. Na Panya Buku ukikutana naye njiani, mashavu yamejaa. Ukimuuliza kitu, hajibu.

Funzo ni hili: ukikatwa chako, uliza, na ukiuliza, simama. Na kimya cha aliyefiwa usikifanye saini.

Mzigo wangu nautua hapa. Mkiuona mtamu, gawaneni. Mkiuona mchungu, niachieni nibebe mwenyewe. Kule hitimani nami nilikuwepo, lakini nilikaa nyuma ya Korongo, na kwa shingo ile, sahani haikunifikia.