Sufuria ya Nyati Siku ya Kura

Haya, sogeeni. Anayetafuna karanga atafune taratibu, maana hadithi hii ina sauti nyingi na kila sauti ina kazi yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na siku ya kupiga kura, alikuwako Digidigi mmoja mwenye wasiwasi mwingi. Alikuwa mdogo, macho makubwa, miguu kama vijiti. Majirani walimwita Mama Sikudhani, kwa jina la bintiye. Akitoka nyumbani alirudi mara tatu kuangalia kama mlango umefungwa. Akipika mboga, alihesabu majani.

Kijijini kwao palikuwa na chemchemi moja tu, na mlinzi wake alichaguliwa kila mwaka. Kwa miaka mitatu mlinzi alikuwa Nyati. Kila asubuhi yeye ndiye aliyeingia majini wa kwanza. Chubwi! Akaoga, akagaagaa, akakoroga tope mpaka maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Ndipo akatoka, akajikung'uta na kusema, "Haya raia, kunyweni!"

Kiangazi kilichopita, Sikudhani alikunywa tope lile akaumwa tumbo siku tisa. Mama yake alizihesabu moja moja. Siku ya saba mtoto alishindwa hata kusimama. Tangu hapo Mama Sikudhani alikuwa na ombi moja tu moyoni: mwaka huu Nyati asirudi.

Na mwaka huo alijitokeza mpinzani, Bi Nungunungu, bingwa wa kuchimba. "Mkinichagua," alisema, "nitachimba dimbwi kule bondeni. Anayetaka kuoga akaoge huko. Hapa patakuwa pa kunywa tu."

Nyati kusikia hivyo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akigawa mabonge ya chumvi. Wanyama wanapenda chumvi kama nyinyi mnavyopenda miwa.

"Lambeni, wapendwa wangu! Nani kama mimi?"

"Hakuna!" wakaitikia wote, ndimi nje. Lamba, lamba, lamba.

Mama Sikudhani naye alilamba. Wasiwasi hauzuii mate kutoka. Lakini alipokuwa akilamba, masikio yake yalinasa jambo.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila mgombea alileta chombo chake mwenyewe kutoka nyumbani, na vyombo vikawekwa nyuma ya uzio wa matete. Mpiga kura aliingia peke yake na jiwe moja la mtoni, akalitumbukiza katika chombo cha amtakaye, akatoka. Hakuna aliyemwona. Miaka yote Nyati alileta mtungi wa udongo. Mwaka huu alitangaza ataleta sufuria kubwa ya shaba.

"Kwa nini sufuria?" Mama Sikudhani alimuuliza mumewe.

"Labda mtungi umevunjika."

"Haujavunjika. Nimeuona jana barazani kwake. Una ufa mdogo mdomoni, uleule wa mwaka juzi."

"Eh, mke wangu! Hata nyufa za watu unazijua?"

Mama Sikudhani alichukua sufuria yake ya jikoni na kibuyu, akaviweka sakafuni, akaanza kutumbukiza vijiwe. Ngaaa! Pu. Ngaaa! Pu. Mumewe akaziba masikio. Yeye akarudia mara ishirini ili awe na hakika.

"Baba Sikudhani," akasema, "Bi Nungunungu ataleta kibuyu. Kibuyu hakitangazi mtu. Sufuria inatangaza."

Kabla mumewe hajafungua mdomo, sauti ikasikika njiani. Ilikuwa ya Fisi, mpambe wa Nyati.

"Hu-wiii! Sikilizeni! Siku ya kura nitakaa mimi nje ya uzio, kwa ajili ya usalama! Nina masikio mazuri! Asiyeliza sufuria, kiangazi hiki atalamba umande!"

Kijiji kizima kikanywea. Mama Sikudhani akakimbia kwa jirani yake Kanga, akamkuta ameinama katikati ya vifaranga wake.

"Shoga, mimi nitaliza sufuria," Kanga alisema. "Nina watoto kumi na wawili. Siwezi kuwanywesha umande."

"Na tope utawanywesha?"

"Afadhali tope kuliko kiu."

Aliporudi nyumbani, mumewe akamwambia kwa upole, "Na wewe mama, acha. Kijiwe chako kimoja kitahamisha mlima?"

"Hakitahamisha mlima. Lakini nataka nikiweke ninapotaka mimi."

Akaketi, akafikiri. Akasimama, akakagua mlango, akaketi tena. Mara akaruka. "Nimepata!"

Alipofika kwa Nyati alimkuta amejinyoosha barazani, anachokonoa meno kwa mwiba.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo? Inuka nikuone."

"Nimeshainuka, Mheshimiwa. Ndio urefu wangu huu."

Nyati akacheka mpaka baraza ikatikisika. "Ho! Ho! Ho! Sema, mdogo."

"Mheshimiwa, nimekuja na aibu. Kesho kutwa shujaa wetu anachaguliwa, na sisi tutapanga foleni kimyakimya, kama tuko msibani! Hata harusi ya Panya mwaka jana ilikuwa na ngoma nne. Nne, Mheshimiwa! Nilizihesabu."

Nyati akaacha kuchokonoa meno. "Panya alikuwa na ngoma nne?"

"Na zumari."

"Na zumari!" Nyati akasimama. "Mimi nitapigiwa ngoma nane! Nyani wote waje, tangu alfajiri mpaka mwisho!"

"Hapo sawa, Mheshimiwa. Ila zikae mbali kidogo na uzio, zisije zikasumbua..."

"Mbali? Sifa zangu zikae mbali? Zitakaa hapo hapo, uzioni kabisa!"

"Ukiamua wewe, nani atapinga?" Digidigi akainama, akatoka.

Siku iliyofuata akapita nyumba kwa nyumba. Hakugawa chumvi. Aligawa sentensi moja tu: "Ngoma zikilia, weka jiwe lako unapotaka wewe."

Siku ya kura ikafika. Nyani wanane wa ngoma na mmoja wa zumari walijipanga kando ya uzio. Dundu-ti! Dundu-ti! Dundu-dundu-dundu-ti! Pi-piiii! Vumbi likatimka. Nyati alicheza katikati, pembe huku, mkia huku. Fisi alikaa nje ya uzio, sikio limebanwa kwenye matete.

Akaingia Kanga na jiwe lake. Akatoka.

"Fisi! Umesikia?" Nyati akapaza sauti huku akikata kiuno.

Fisi hakuwa amesikia kitu isipokuwa dundu-ti. Lakini nani angethubutu kumwambia Mheshimiwa ngoma za sifa zake zinyamaze? "Nimesikia, Mheshimiwa! Ngaaa!"

Akaingia Panya. Akaingia Swala. Akaingia Kobe, akachukua muda wake. "Nimesikia, Mheshimiwa! Ngaaa!"

Ikafika zamu ya Mama Sikudhani. Aliingia, jiwe likilowa jasho. Sufuria hii hapa, inang'aa kama jua. Kibuyu kile pale, kimeinama kwa haya. Akanyoosha mkono juu ya kibuyu.

Mara, kimya.

Nyani wamechoka. Ngoma zimesimama, wanagawana ndizi.

Uuwi! Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko Nyati mwenyewe. Upande wa pili wa matete, Fisi anahema: he, he, he. Sikio lake moja limepenya kabisa, linachezacheza.

Mkono wa Mama Sikudhani ukaanza kusogea wenyewe kuelekea kwenye sufuria. Ukafika nusu ya njia. Hapo akakumbuka siku ya saba, Sikudhani akijaribu kusimama na magoti yakikunjika.

Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Ariririririii! Nyati hoyee! Ariririririii!"

Lo! Vigelegele hivyo vilitoboa anga. Foleni yote ikaelewa, pamoja na waliokwisha kupiga kura, wakapokea. Kanga akapiga, Panya akapiga, hata Kobe akajaribu, kikatoka kikohozi. "Ariririririii!" Katikati ya vigelegele, jiwe likaanguka ndani ya kibuyu. Pu.

Nyati alikaribia kulia kwa furaha. "Mnawasikia wananchi wangu? Nanyi Nyani mnakula ndizi? Pigeni!"

Dundu-ti! Dundu-ti! Na ngoma hazikunyamaza tena. Mpiga kura wa mwisho alikuwa Fisi mwenyewe. Aliingia, akatoka haraka, akaangalia chini.

Wakaja kuhesabu. Wapiga kura walikuwa arobaini na sita. Mama Sikudhani alikuwa amewahesabu mara mbili. Nyati akajipigapiga kifua. "Anzeni na yangu!"

Wakainamisha sufuria. Ngaaa! Jiwe moja likatoka, likazunguka, likazunguka, likalala.

Wakasubiri la pili. Halikuja.

Wakainamisha kibuyu. Mawe yakamwagika kama mvua ya kwanza. Arobaini na tano.

"Fisi!" Nyati akanguruma. "Ulisema umesikia!"

"Nilisikia ngoma, Mheshimiwa. Zilipigwa vizuri sana."

Nyati akalitazama lile jiwe moja. Alilijua, ni yeye aliyeliokota mtoni asubuhi na kulitumbukiza mle mwenyewe. Akalitazama, akamgeukia Fisi polepole. "Na jiwe lako wewe, liko wapi?"

Fisi akakuna shingo. "Mheshimiwa, hata mimi hunywa baada yako."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika mpaka bondeni. Nyani mkubwa, asiyejua kinachoendelea, akauliza, "Tuendelee kupiga, Mheshimiwa?"

"Nyamazeni!"

Nyati akawatazama wale arobaini na tano. Wadogo, lakini wamesimama pamoja, na hakuna aliyerudi nyuma. Akajitwika sufuria yake kichwani, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili dimbwi la kuogea lilikuwa tayari, na Nyati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliingia. Chubwi! Kule chemchemini, Sikudhani aliinama akanywa, akamwita mama yake.

"Mama, naona mawe chini!"

Mama Sikudhani akainama naye. Akayahesabu. Kisha akamgeukia Bi Nungunungu, aliyekuwa amekaa kando akijipepea.

"Ni mawe kumi na tisa, Bi Mlinzi. Kesho nitakuja tena kuangalia kama bado yanaonekana."

Nami nawaacha hapo hapo ukingoni, na funzo ni hili: anayejipigia ngoma mwenyewe hasikii watu wanasema nini.