Jiwe Chini ya Tanuri

Imepokewa kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za maamiri, palikuwa na mtaa wa wafinyanzi uliokuwa na uwanja mmoja tu. Upana wake ulikuwa hatua sitini, na urefu wake hatua mia. Msikiti wa mtaa ulikuwa mdogo, kwa hiyo watu walisali Idi zote mbili uwanjani, na hapo ndipo walipowasalia maiti wao kabla ya kuwapeleka makaburini. Siku nyingine wanawake walianika ngano, na wafinyanzi walipanga vyungu vibichi vikauke.

Uwanja huo ulikuwa wakfu. Bibi mmoja mcha Mungu aliutoa, vizazi vitatu nyuma. Hati yake ilipotea katika mafuriko. Lakini ilikuwa desturi ya mji ule kuweka jiwe katika kila pembe ya ardhi ya wakfu, na kuchonga juu yake neno moja: Lillahi. Maana yake, ni ya Mwenyezi Mungu.

Alhamisi moja, watu walipotoka kusali Alfajiri, walikuta vigingi vimepigwa kuuzunguka uwanja na kamba imefungwa. Jua lilipochomoza akaja Mundhiri, wakili wa amiri, na askari wanane.

"Amiri atajenga mazizi ya farasi hapa," akasema. "Ardhi hii haina hati na haina mwenyewe. Ni ardhi iliyokufa, na ardhi iliyokufa ni ya anayeihuisha."

Talha, mwosha maiti wa mtaa, mzee wa miaka sabini, akauliza, "Na maiti wetu tuwasalie wapi?"

"Kwani mnakufa sana nyinyi?"

Askari wakacheka.

"Kiasi chetu," akajibu Talha.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Talha alichukuliwa. Alirudi siku ya tatu kwa miguu. Hakusema alikokuwa. Watu walimwona akinywa maji huku ameshika bakuli kwa viganja viwili, kwa sababu vidole vyake havikuweza tena kujikunja.

Tangu siku hiyo mtaa ulinyamaza. Watu walinunua mkate bila kusalimiana kwa sauti. Mtu akisikia kwato, aliingia mlango wowote uliokuwa wazi, uwe wake au wa jirani.

Haukupita muda, mama wa mfinyanzi mmoja akafariki. Wanawe wakashauriana kumsalia kichochoroni.

"Ami Talha," akasema mkubwa wao, "tupite njia ya nyuma. Hata Mwenyezi Mungu anajua hali yetu."

"Mama yenu amesali Idi uwanjani pale miaka hamsini," akasema Talha. "Leo mnataka kumpitisha nyuma kama aliyeiba kuku?"

Watu arobaini walitoka na jeneza. Walipofika kwenye kamba walikuwa kumi na saba. Talha aliikanyaga kamba mpaka ikagusa chini, na jeneza likapita juu yake. Askari walisimama wakihesabu vichwa. Mmoja wao hakuhesabu. Alikuwa akitazama nyuso, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Sala ya jeneza haina rukuu wala sijda. Wale kumi na saba walibaki wima, migongo yao kwa askari, mpaka imamu alipotoa salamu. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba aliisahau dua yote ya maiti, akabaki akisema "Yaa Latifu", ewe Mpole, mpaka mwisho.

Hawakupigwa siku ile. Walipotoka makaburini Talha akawaambia, "Wanasema ardhi imekufa. Basi wasiikute tupu hata saa moja."

Wakapeana zamu. Asubuhi wafinyanzi walipanga vyungu baina ya vigingi. Mchana wanawake walitandaza ngano. Alasiri wazee walikaa na kusoma Kurani. Askari walivunja vyungu, vikaletwa vingine. Walimwaga ngano, wanawake wakaiokota punje kwa punje na kuianika tena. Wafinyanzi wawili walichapwa viboko hadharani. Watu hawakupungua, lakini hakuna aliyedai kwamba haogopi. Kila nyumba iliagana na aliyetoka zamu kama inavyoagana na msafiri.

Mtu mmoja tu wa mtaa ule hakukanyaga uwanjani: Wahbi, mwokaji mikate, ambaye duka lake lilikuwa katika pembe ya uwanja iliyoelekea kibla. Kila asubuhi aliwatumia mikate walio zamu, wala hakutaka malipo. Yeye mwenyewe hakuja. Watu walisema ni hofu, wakamsamehe, kwa sababu hofu waliijua.

Hofu ya Wahbi hawakuijua. Miaka ishirini kabla ya hapo aliongeza duka lake kwa kuchukua dhiraa saba za uwanja. Jiwe la pembe lilikuwa katikati ya njia yake. Kulitupa aliogopa, maana lilikuwa na jina la Mola. Kuliacha hakutaka. Basi akalilaza chini, akajenga tanuri juu yake. Mtaa ulihitaji mkate, na hakuna aliyekuja kupima. Aliyejua alikuwa mkewe, Lubaba, peke yake.

Talha na wenzake walipeleka mashtaka kwa kadhi. Kadhi aliwasikiliza, akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hati hamna. Nileteeni mawe manne. Matatu hayanitoshi. Nikihukumu kwa matatu, wakili ataniuliza pembe ya nne iko wapi, nami sitakuwa na jibu. Jumatatu nitakuja kuketi huko huko uwanjani."

Matatu yalipatikana siku hiyo hiyo. La nne walilitafuta kwa kuchimba siku mbili bila kulipata.

"Labda limekwenda Hija," akasema mfinyanzi mmoja, akifuta jasho.

"Basi limekawia," akasema mwenzake. "Mahujaji wote wamerudi."

Waliokuwa karibu walicheka kidogo. Wahbi aliwasikia kutoka mlangoni kwake, akarudi ndani.

Jumapili, baada ya Adhuhuri, Mundhiri aliingia dukani peke yake. Akachagua mkate, akaula amesimama.

"Ukuta wako huu una umri gani, mwokaji?"

"Miaka ishirini, bwana."

"Wa jirani yako una mia. Lakini wako umetoka mbele kuliko wake." Akakung'uta makombo kifuani. "Mimi nina macho. Sikuulizi kilicho chini, wala sitaki kukijua. Kesho kaa dukani kwako, uoke. Farasi wa amiri watakuja na wapandaji wao, na wapandaji hula mkate. Hutapata shida ya wateja mpaka ufe."

Mundhiri alipofika mlangoni akageuka.

"Yule mzee wenu bado anakula kwa viganja?"

Akaenda zake. Lubaba alikuwa nyuma ya pazia akikanda unga, naye alisikia yote. Alitoka akaketi mbele ya mumewe, mikono yake ikiwa na donge bado.

"Watanivunja vidole," akasema Wahbi. "Mwokaji bila vidole ni nini?"

"Sijui, mume wangu."

"Na nikipona mikononi mwao, watu wa mtaa watasema nini? Nimekula uwanja wao miaka ishirini."

"Watasema hivyo hivyo."

"Basi niambie la kufanya."

Lubaba akabandua donge vidoleni. "Mimi pia naogopa," akasema. "Lakini jiwe liko pale pale, tukiogopa tusipoogopa. Ramadhani ishirini nimeoka mkate wa kufuturu juu ya jina hilo. Kila nikitia kuni nalikumbuka. Wewe hulikumbuki?"

"Kila siku," akasema Wahbi.

Jumatatu asubuhi watu wa mtaa waliona jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa miaka ishirini: tanuri la Wahbi halikutoa moshi. Wakadhani amekimbia.

Kadhi alifika, akaketi juu ya mkeka katikati ya uwanja. Askari walikuwa wamepanga mstari upande mmoja, thelathini au zaidi. Watu wa mtaa walisimama upande wa pili.

"Jiwe la nne liko wapi?" akauliza kadhi.

"Hatukuliona, ewe Kadhi," akasema Talha.

Mundhiri akasogea mbele. "Hawana hati, na mipaka yao haikamiliki. Wakileta mashahidi, wote ni wakazi wa hapa, kila mmoja anavutia upande wake. Ushahidi wa mwenye maslahi haukubaliwi. Kadhi analijua hilo kuliko mimi."

Kadhi aliinamisha kichwa. Alikuwa akilijua. Akavuta kalamu na wino.

Ndipo Wahbi alipotoka dukani kwake. Ili amfikie kadhi ilimlazimu apite mbele ya mstari wa askari, naye alipita, mikono ameificha ndani ya mikono ya kanzu. Alisema kwa sauti ya chini, kadhi hakumsikia.

"Sema tena," akasema kadhi.

"Liko kwangu. Liko chini ya tanuri. Mimi ndiye niliyeliweka. Mpaka wa uwanja unapita ndani ya duka langu, dhiraa saba kutoka ukutani."

"Huyu naye ni mkazi," akasema Mundhiri. "Ana maslahi kama wenzake."

Kadhi akamtazama. "Maslahi gani? Mtu huyu anatuomba tumbomolee duka."

Mundhiri akarudi nyuma hatua moja.

Wahbi alilivunja tanuri kwa mkono wake. Matofali ya ndani yalikuwa na joto bado. Chini ya majivu, shibiri moja ardhini, walilikuta jiwe limelala, jeusi kwa masizi ya miaka. Kadhi aliinama, akalowesha ncha ya kilemba chake na kulipangusa. Kisha akalisoma lile neno kwa sauti. Akahukumu kwamba uwanja ni wakfu, hauuzwi, haurithiwi, haujengwi, na kwamba vigingi ving'olewe kabla ya Adhuhuri.

Askari walimtazama Mundhiri. Mundhiri aliitazama ile hukumu iliyoandikwa na kupigwa muhuri mbele ya watu mia nne. Akapanda farasi wake, akaondoka, na askari wakamfuata.

Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke mmoja, Safura, ambaye ngano yake ilimwagwa mara tatu, alimwendea Wahbi.

"Miaka ishirini," akasema, "tumekula mkate wa uwanja wetu wenyewe, na tukaununua."

"Kweli," akasema Wahbi.

Watu wakamtazama, na macho yao hayakuwa ya kheri. Wahbi alisimama kati ya matofali hajui pa kwenda. Talha akainama, akaanza kubeba matofali kwa viganja, moja moja, kuyatoa ndani ya mpaka.

"Wahbi, nisaidie," akasema. "Mimi vidole sina."

Haukupita mwezi, kadhi aliondolewa katika cheo chake, akarudi kwao kusomesha. Amiri alijenga mazizi nje ya lango la mji. Wahbi alijenga tanuri dogo uani kwake, akaoka nusu ya mikate aliyokuwa akioka. Akawangoja askari. Hawakuja juma lile, wala mwaka ule. Lubaba alisimulia kwamba mumewe aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo, na hakusikia kwato hata mara moja bila kuficha mikono ndani ya kanzu. Wala hakukosa sala ya jeneza uwanjani, alikuwa akisimama safu ya mbele.

Alipofariki, jeneza lake liliwekwa kwenye pembe ile ile palipokuwa na tanuri. Kabla ya takbira ya kwanza Talha aligeuka, akawauliza watu kama ilivyo desturi, "Mnamshuhudiaje maiti huyu?"

Kwa kawaida watu hujibu mara moja kwamba alikuwa mtu mwema. Siku ile walisita. Aliyeanza kujibu alikuwa Safura, kutoka safu ya wanawake.

"Tunashuhudia kwamba alichukua dhiraa saba," akasema, "na akazirudisha, huku akiogopa."

"Tunashuhudia," wakasema watu.

Ndugu zangu waumini, tumezoea kuambiwa kwamba waja wema hawakumwogopa yeyote isipokuwa Mola wao. Kisa hiki hakikutujia hivyo. Wahbi aliwaogopa askari mpaka alipoingia kaburini, na hofu hiyo haikumzuia kupita mbele yao. Onyo la Mtume kwa anayepora hata shibiri moja ya ardhi ya watu sote tunalijua. Kila mwenye ukuta na aende akautazame umesimama wapi, kabla siku haijafika ya kuulizwa na asiyehitaji kuchimba ili aone. Mola awarehemu wote, na aturehemu nasi.