Pombe ya Jalala la Mtemi

Hapo zamani, katika nchi ya Mtemi Masunga, bwana mkarimu wa maneno na mchoyo wa kila kitu kingine, palikuwa na mjane aitwaye Kabula, asiye na shamba wala mbuzi. Watu walimwona punguani kidogo, kwa kuwa kila asubuhi alizunguka jalala la nyuma ya jiko la mtemi akiokota ukoko wa ugali, viporo na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Akavianika, akavitwanga, akavipika, akatia kimea kidogo alichobakishiwa na majirani, kisha akaviacha vichachuke mtungini. Ikawa pombe yake yasifiwa kila kijiji, naye akaishi kwayo.

Basi sifa hizo zikamfikia mtemi wakati wakwe zake wamo njiani kumtembelea. Akamwita Kabula barazani, akamwambia mbele ya wazee: "Ukoko ni wangu na viporo ni vyangu. Basi na pombe itokayo humo ni yangu. Kesho lete mitungi yote, na tangu leo usilikanyage jalala langu."

Kabula alijua kwamba bila jalala lile angekufa njaa. Hata hivyo akainama, akasema: "Nimesikia, Mtemi wangu. Pombe ni yako. Wazee nao wamesikia?"

Wazee wakaitikia kwamba wamesikia.

Kesho yake wakwe wakaketi, koo zimewakauka kwa vumbi la safari. Kabula akateka pombe kwa kata, povu likimwagika pembeni, akapiga magoti mbele ya mtemi. "Karibu uonje, Mtemi wangu."

Sasa, mila ya nchi ile ilikuwa kwamba mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wapate kujua haina sumu. Na aonjaye kwanza amekiri kuwa ni yake. Naye Masunga, kwa jinsi alivyowanyima watu, aliogopa sumu kuliko simba, wala hakuwahi kutangulia kutia kitu kinywani.

"Onja wewe uliyeipika," akasema.

"Nitathubutuje, Mtemi wangu? Nikionja mbele ya wakwe zako, nitakuwa nimekuibia mchana kweupe."

Mtemi akamtazama mpambe wake. Mpambe akatazama paa.

"Kwani mwenye pombe ni nani?" akauliza baba mkwe. "Sisi tuna kiu."

Mtemi akaliangalia povu linavyoshuka, akameza mate. "Ni ya Kabula," akasema kwa sauti ndogo.

"Na ukoko ilimotoka pombe?" akauliza Kabula, kata i mkononi.

"Wa Kabula."

"Na jalala?"

"Na jalala. Kunywa basi, mama, watu wanangoja."

Kabula akanywa, wala hakuwa na haraka. Akafuta midomo, akawapa wakwe, na mwisho kata ikamfikia mtemi. Akainywa yote, kisha akacheka hata machozi yakamtoka.

"Nasikia watu wanasema wewe ni punguani," akasema.

"Wanasema, Mtemi wangu."

Ikawa tangu siku hiyo wapishi wa mtemi wakaagizwa wasikwangue vyungu sana wakati wa kupakua, ili ukoko mwingi ufike jalalani. Na Masunga, kila alipotamani pombe, alikwenda kwa miguu yake hadi kibandani kwa Kabula, akapiga hodi, akaketi chini, akangoja mwenye pombe aonje kwanza.