Matanga ya Mama Mkwe wa Ngedere

Mpo?

—Tupo!

Na masikio mmekuja nayo?

—Tumekuja nayo!

Basi yategeni, msije mkasema sikuwaambia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakilima shamba la Tembo. Kila wiki Tembo aliwapa ujira, kila mmoja kikapu cha mtama. Wote walipata sawasawa. Lakini Ngedere, chake alikificha ghalani, akala vya wenzake.

Wiki ya kwanza akamwendea Nungunungu. "Ndugu yangu, mama mkwe anaumwa. Nikopeshe mtama, kesho nakurudishia." Nungunungu akampa.

Wiki ya pili akamwendea Nguchiro. "Ndugu yangu, mama mkwe amezidiwa. Nikopeshe mtama, kesho nakurudishia." Nguchiro akampa.

Wiki ya tatu akamwendea Kanga, huku anafuta macho. "Dada Kanga, mama mkwe ametutoka!"

Kanga alikuwa na mayai yanayokaribia kuanguliwa, na mtama ule ndio uliokuwa chakula cha watoto. Lakini atamnyimaje mfiwa? Akampa wote.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga kumi wakalia njaa. Kanga akaenda kudai. "Kesho, dada." Akaenda tena. "Kesho kutwa, dada." Akaenda mara ya tatu, Ngedere akang'aka: "Huna haya? Unanidai nami nimefiwa?"

Kanga akaona aibu, akaondoka. Njiani akakutana na mke wa Ngedere, amejitwika mkungu wa ndizi.

"Wapi hiyo, shoga?"

"Kwa mama, ng'ambo ya mto. Tangu juzi ananiagiza ndizi, na akikasirika yule, hakukaliki!"

Kanga akautazama ule mkungu wa ndizi. Kisha akacheka mpaka manyoya yakamtikisika.

Akaenda moja kwa moja shambani. "Jamani, mwenzetu kafiwa na mkwewe, nasi tumekaa tu! Twendeni tukakae matanga."

"Kweli, tumefanya vibaya," akasema Tembo. "Kesho hakuna kulima."

Asubuhi wakafika kwa Ngedere na mikeka yao, wakilia kwa sauti. "Uuuwi! Mama mkwe wetu!"

Ngedere akatoka, macho yamemtoka pima. Aseme nini? Akisema hajafiwa, Tembo atajua ni mwongo, na kazi itamtoka. Basi akaketi, akalia nao.

Waliaji wakasikia njaa. Ngedere akafungua ghala, akapika. Nungunungu akala, Nguchiro akala, vifaranga kumi wakala wakalala. Tembo akala sufuria nzima peke yake.

Siku ya pili vilevile. "Ongeza kidogo, bwana mfiwa," akasema Kanga. "Majonzi yanachosha."

Siku ya tatu, mke wa Ngedere akarudi, na mama yake yuko nyuma, anakimbia, kitambaa mkononi.

"Uuuwi! Nimesikia kilio toka mtoni! Nani amekufa?"

Watu wakatazamana.

Nungunungu akakohoa. "Wewe, mama."

Mama mkwe akamtazama Nungunungu. Akamtazama Tembo. Akamtazama mkwewe, aliyekuwa anatafuta pa kujificha. Kisha akatandika mkeka, akakaa.

"Haya. Kama matanga ni yangu, na mimi nipakulieni. Tena sahani kubwa."

Akala. Akaongezwa, akala. Ghala likabaki vumbi tupu. Ngedere akalia, na mara hii machozi yalikuwa ya kweli.

Tangu siku ile, akisema anaumwa, hata awe anaumwa kweli, hakuna anayemkopesha punje.

Ndugu zanguni, ukikopa kwa mfanyakazi mwenzako, mrudishie. Anajua unapokaa, na wakwe zako anaweza kuwafahamu. Wala usimuue mtu kwa mdomo ili ule cha wenzako.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye kucheka acheke. Na wewe wa kule nyuma, mbona unavaa viatu haraka haraka? Nani anakudai?