Kitongoji Kisicho na Mbwa

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wahenga hawakusema huenda kikamfichua, walisema humfichua. Ugonjwa unaofunikwa hauishi kwa kufunikwa. Hukaa humo ukinona, na siku ukitaka kutoka hauombi ruhusa ya mtu. Anayebisha na asikie yaliyotokea katika kitongoji kimoja kando ya Nyamwage, kilichoapa mchana kweupe kwamba hakina mbwa.

Mbwa walikuwepo. Kila mwenye shamba la mpunga bondeni alikuwa na wake, maana bila mbwa nguruwe pori huvuna kabla ya mwenye shamba. Lakini mbwa hao walikaa huko huko shambani, chini ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti anamokaa mlinzi wa mpunga. Nyumbani hawakuletwa. Mtu anayeswali safu ya kwanza hakutaka kuonekana akipita mbele ya msikiti na kamba mkononi, mbwa nyuma yake. Basi mbwa wakawa kama mimba ya binti wa mkubwa: kila mtu anaijua, hakuna anayeitaja.

Siku dokta Zena, afisa mifugo, alipokuja kwa pikipiki kutoka Kibiti na kisanduku chake cha barafu, chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa bure. Alikaa kwenye uwanja wa shule mpaka jua likawa utosini, asione hata mkia. Mwenyekiti wa kitongoji, Mfaume, mtu mwenye sauti ya kuamuru na kofia isiyopinda, akamwendea akiwa na wazee wenzake.

"Dokta, wamekusumbua bure. Hapa ni kwa Waislamu. Mbwa hatufugi."

Wazee wakaangalia ndala zao.

Hapo ndipo Mwamvua alipofika na kapu la ukindu, ndani yake paka analalamika kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mwamvua alikuwa mke wa Seleman, mdogo wake Mfaume, na ulimi wake ulijulikana mpaka Ikwiriri.

"Mwamvua!" Ridhiwani, fundi baiskeli, akampigia kelele. "Paka naye anakwenda kliniki? Kadi yake umeisahau?"

"Ninayo. Ya kwako ndiyo sijaiona, na wewe unahitaji sindano kuliko huyu."

Zena alimchoma paka sindano, akampapasa tumbo, akasema ana minyoo, akampa Mwamvua dawa na kumweleza namna ya kumnywesha. Akampa na namba yake ya simu. "Mnyama yeyote akibadilika, nipigie. Kuuliza hakulipiwi." Kisha akashusha sauti. "Mbwa kweli hakuna?"

Mwamvua alimtazama shemeji yake. Mfaume alikuwa na dume jekundu shambani, kubwa kama ndama, alilolipa jina la Hayawahusu. Seleman, aliyesimama pembeni, akamtikisia mkewe kichwa: asithubutu. Mwamvua akaimeza kauli.

"Muulize mwenyekiti," akasema, akaondoka na paka wake.

Mpunga ulipoanza kuiva, walinzi wakahamia shambani. Zuhra, binti yake Mwamvua, alikuwa akimpelekea baba yake mkubwa chakula dunguni baada ya shule. Siku moja alirudi na kipande cha kanga kimefungwa kiganjani.

"Mkono umefanyaje?"

"Mwiba."

Mwamvua akakifungua kitambaa. "Mwiba gani huu una meno ya juu na ya chini?"

Mtoto akaangua kilio. "Baba mkubwa kasema nisiseme. Kasema nikisema, atachekwa."

Hasira ilimpanda Mwamvua mpaka masikio yakaziba. Alimketisha Zuhra uani, akachukua sabuni na jagi, akaanza kuosha lile jeraha huku mtoto akipiga mayowe. Seleman akatoka ndani.

"Kaka kashasema ni mwiba. Wewe unataka kumwaibisha mwenyekiti mzima?"

"Kaka yako akizaa wa kwake, amwambie ni mwiba. Huyu nimemzaa mimi. Shika jagi!"

Seleman alishika jagi. Mwamvua akampigia Zena huku povu likimchuruzika mkononi.

"Endelea kuosha, maji yatiririke," Zena akasema. "Usipake majivu, usipake mafuta, na usifunge. Kisha mlete hospitali leo hii hii, usingoje kesho. Huyo mbwa yukoje?"

"Mbwa hayupo, dokta. Si uliambiwa hatufugi?"

"Asubuhi nitakuja," Zena akasema.

Zuhra alichomwa sindano ya kwanza jioni ile, akapangiwa siku za kurudi mpaka sindano zitimie. Kulipokucha, Mwamvua na mumewe walimwongoza Zena kwenye tuta la shamba hadi dunguni.

Hayawahusu alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Taya lilikuwa limelegea, udenda unaning'inia, sauti imekwaruza. Aliitafuna kamba, akaiacha, akautafuna mti. Mfaume alikuwa juu ya dungu, amejifunika shuka mpaka viganjani, na jua lilikuwa limeshakuwa kali.

"Ana mafua tu," akasema. "Nimeshampa vidonge."

"Vidonge vya nani?" Zena akauliza.

"Vya duka la dawa. Vya watu."

"Ulimpaje?"

Mfaume akakohoa. "Nilivichanganya na ugali."

"Mwenyekiti, mbwa huyu hawezi kumeza ugali. Hawezi kumeza hata mate yake."

Mwamvua akasogea mpaka kwenye ngazi ya dungu. "Shemeji, toa mikono nje."

"Ati nini?"

"Mikono. Nataka kuiona."

"Mke wa mdogo wangu anikague mikono?" Sauti ya Mfaume ikapanda. "Seleman, unasikia? Adabu ya mkeo umeiacha wapi?"

"Adabu yangu nimeiweka chini kwa ajili ya mwanangu, na ya kwako iko wapi? Umemfundisha mtoto kusema uongo, sumu inatembea mwilini mwake! Toa mikono!"

"Mwamvua, basi," Seleman akasema.

Zena alizungumza taratibu. "Baba, sikuulizi halali wala haramu. Nauliza kama alikugusa kwa jino. Kama alikugusa, twende sasa hivi, utachomwa sindano kama mtoto na utapona. Ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa, si hapa si ng'ambo."

"Hakunigusa. Wallahi."

"Umesikia, kaka ameapa," Seleman akasema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwamvua alisikia, lakini hakuamini. Baada ya Zena kumchoma yule mbwa sindano ya kumpumzisha na kuhakikisha amefukiwa katika shimo refu, Mwamvua alikwenda moja kwa moja kwa Tabu, mke wa Mfaume, akasimama mlangoni.

"Dada Tabu, niambie. Mumeo ameng'atwa?"

Tabu alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. "Mimi sijui mambo ya shamba."

Kila siku ya sindano ya Zuhra, Mwamvua alipita kwa Mfaume kabla ya kupanda gari. "Shemeji, twende sote. Hakuna atakayejua." Mara ya kwanza alijibiwa kwa tusi. Mara zilizofuata mlango ulikuwa umefungwa, na ndala za mwenyewe ziko kizingitini.

Imamu aliposikia habari zile, hakuzungusha maneno. Ijumaa ile aliwaambia watu, "Najisi huoshwa ikatoka. Maiti huoshwa asiamke. Pelekeni mbwa wenu wakachanjwe." Zena aliporudi, baadhi walitoka na mbwa wao, wakapita nao barabarani nyuso zimekunjamana kama watu waliobeba mzoga. Mwenyekiti hakuonekana. Alituma salamu kwamba ana ugeni.

Mpunga ukavunwa, ukapurwa, ukaingia maghalani. Mfaume akaanza kulalamika kwamba kidole kinamchoma na mkono unakufa ganzi. Akasema ni baridi yabisi. Homa ikaja, akasema ni malaria. Usingizi ukamtoroka, akawa anafokea hata kuku. Tabu aliyaona yote, akanyamaza, kwa kuwa aliapishwa.

Adhuhuri moja Mfaume alikwenda msikitini kama kawaida, akachuchumaa penye birika kutawadha. Alipotia maji mdomoni asukutue, koo likajifunga. Alitoa ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwa mtu mzima, kata ya maji ikamruka mkononi, akarudi nyuma kwa matako akiyakimbia maji kama anayekimbia moto. Wanaume walimshika kwa nguvu. Seleman, machozi yakimtoka, akamfunga mikono kaka yake kwa kilemba na kumpeleka nyumbani.

Tabu alimwona akiletwa, akajua. Akajitupa chini.

"Alimng'ata!" akalia. "Alimng'ata kidole akimtia vidonge mdomoni! Akaniapisha kwenye msahafu nisiseme! Nikamfunga kidonda mimi, kwa mikono yangu hii!"

Kilio kile kilifika barabara kuu. Watu walikuja mbio, na Mwamvua miongoni mwao. Alisimama juu ya Tabu, kifua kikipanda na kushuka. Alitaka kumzaba kibao, akataka kumkumbatia, asifanye lolote kati ya hayo.

"Nilisimama mlango huu huu nikakuuliza, Tabu," akasema. "Sindano zilikuwepo."

Hospitalini walimpa Mfaume chumba chenye giza na dawa za kumtuliza. Hawakuwa na zaidi. Alikufa akiwa na kiu.

Matangani, wanawake walipokuwa wakichambua mchele wa wageni, bibi mmoja akaanza kunong'ona kwamba presha ndiyo iliyomwondoa mwenyekiti. Mwingine akaitikia, naam, presha, na hasa kwa cheo kile. Mwamvua akaweka ungo chini.

"Presha haiogopi maji!" Alisema kwa sauti iliyofika jamvini kwa wanaume. "Mtu ameshazikwa, na nyinyi bado mnamfichia? Semeni mbwa! Semeni kidole! Mna watoto huko mashambani."

Seleman, aliyekaa jamvini ameinamisha kichwa, safari hii hakumwambia basi.

Zuhra yu hai, anakwenda shule, na kovu lake ni dogo kama punje ya mpunga. Mbwa aliyemng'ata ndiye aliyemng'ata baba yake mkubwa. Mtoto alifunuliwa kwa nguvu, akapona. Mtu mzima alijifunika kwa kiapo, na kiapo kikaenda naye kaburini. Mficha maradhi, kilio humfichua.